Safari ya Mjini: Miwani ya Ukumbini na Macho Tuliyopewa



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi wapenzi, kila ikaribiapo likizo huzuka suala lile lile: safari ya Dar es Salaam, tuwapeleke watoto wapi? Siku hizi jibu la watoto ni moja tu. Wanataka kuingia katika ukumbi wa sinema za 3D, wavae miwani, viti vitikisike na samaki waje mpaka puani. Wazazi nao wamegawanyika mafungu mawili. Wapo wasemao hayo ni mambo ya upuuzi, hayamfai mtoto wa madrasa. Wapo wasemao mtoto wa Ras Mkumbi naye ana haki ya kuona kile anachokiona mwenzake wa mjini. Kwa maoni yangu kila upande una hoja, ila pande zote mbili zimesahau swali moja ambalo nitalileta mwishoni.

NI KITU GANI HASA?

Kwanza tukifahamu kitu kabla ya kukihukumu. Elimu ya mwanga na macho si ngeni katika Uislamu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mwaka 965 na kuishi Misri, aliandika Kitab al-Manadhir. Humo alieleza kuwa jicho halitoi nuru, bali mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Alifanya pia majaribio ya mwanga katika chumba cha giza chenye tundu dogo. Waliokuja kutengeneza kamera na sinema walipita juu ya msingi ambao yeye ni mmoja wa walioujenga.

Ama sinema ya 3D, siri yake mwanafunzi anaweza kuijaribu sasa hivi. Simamisha kidole mbele ya uso, fumba jicho la kulia, kisha fumba la kushoto. Utaona kidole kama kimehama. Kila jicho lina picha yake, na ubongo huziunganisha ukajua kipi kipo karibu na kipi kipo mbali. Ukumbini hurushwa picha mbili, na miwani hulipa kila jicho picha yake. Basi si uchawi wala si kiini macho cha waganga.

Na kizunguzungu wanachokipata baadhi ya watoto humo, sisi watu wa visiwani tunakijua. Ukikaa ndani ya boti ya Nyamisati, macho yanaona ukuta umetulia huku mwili unahisi mawimbi. Ukumbini mambo hugeuka: macho yanaona mwendo, mwili umetulia. Viwili hivi visipokubaliana, tumbo ndilo linalolipa.

CHOMBO NA KILICHOMO

Chombo ni chombo. Kinachohukumiwa ni kilichomo ndani yake. Kule Makka, chini ya Jabal Nur lenye pango la Hira, tangu mwaka 2023 kuna maonyesho yanayoeleza habari ya wahyi kwa picha, sauti na mwanga, na mahujaji huyatembelea. Jirani zetu wa Mombasa nao wamewahi kuonyesha historia ya Ngome ya Yesu usiku kwa taa na sauti juu ya kuta zenyewe, ngome ile iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu mwaka 1696. Nani atasema kujua hayo ni dhambi? Lakini ukumbi huo huo wa mjini unaweza pia kuonyesha uchi, ushirikina na umwagaji damu. Kwa hiyo wanaokataza kila kitu wamezidisha, na wanaoruhusu kila kitu wamezembea.

Tukienda, basi iwe kwa masharti. Mwalimu au mzazi mmoja aitazame filamu mwanzo hadi mwisho kabla ya watoto. Muda upangwe kwa kufuata sala. Msafiri amepewa rukhsa ya kukusanya na kupunguza, hakupewa rukhsa ya kupitiwa na wakati. Wasichana na wavulana wakae na wasimamizi wao. Watoto wadogo sana wasiingizwe kwenye giza na ngurumo kwa lazima, na mwenye kifafa asiingizwe kwani mwanga wa kumetameta unaweza kumletea maradhi yake. Na kabla ya ukumbi, tupite Makumbusho ya Taifa. Jengo lile limefunguliwa tangu mwaka 1940 na lina mengi ya kumfundisha mtoto historia ya nchi yake.

SWALI LILILOSAHAULIKA

Sasa nije kwenye swali langu. Filamu ambazo watoto hurudi wakizisimulia zaidi ni zile za bahari: matumbawe, kasa, na papa wakubwa wanaoelea juu ya vichwa vya watazamaji. Mvuvi wa Bweni anauza samaki wake, anatoa mchango, mtoto wake anavuka maji na kupanda basi, anafika mjini, anavaa miwani, ili aonyeshwe nini? Aonyeshwe bahari!

Na ilhali papa potwe, ambaye wengine humwita papa shilingi kwa madoa yake, hukusanyika mbele ya Kilindoni kati ya Oktoba na Machi kufuata uduvi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, huweza kupita mita 12, na hana haja na nyama ya mtu. Madoa ya kila mmoja ni tofauti, kama alama za vidole vyetu. Wageni hukata tiketi za ndege kutoka Ulaya kuja kumwona. Ulizeni madarasani kwetu ni wangapi waliomwona kwa macho yao, muihesabu mikono. Ulizeni pia ni wangapi waliofika Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, au waliosimama kwenye magofu ya misikiti ya Kua, kisiwani Juani, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19.

Mtu atasema: "Ya kwetu tunayajua." Hatuyajui. Kutoka huku kaskazini mpaka Kilindoni ni mwendo na ni nauli, na boti za kutazama papa ni za wageni. Mtoto wetu anakua akiamini kuwa ajabu ni kitu cha mjini chenye tiketi, na bahari yake ni mahali pa kazi na taabu tu. Mtu asiyekiona kitu kuwa ni neema hatakilinda. Kesho akija mwenye baruti ya kuvulia, atamwuzia tambi.

Katika Suratul-Ghaashiyah Allah (S.W.) anawaelekeza watu wa jangwani wamtazame ngamia waliyemzoea, na mbingu, na milima, na ardhi. Pengine katika Qur'ani tunahimizwa kutembea katika ardhi tukazingatie. Yote mawili ni ibada ya kufikiri, lakini wa jangwani waliambiwa waanze na mnyama aliyefungwa mlangoni kwao.

RAI YANGU

Napendekeza kamati ya wazazi iigawe safari. Mwaka mmoja iwe Dar es Salaam, na ukumbi uwemo kwa masharti niliyoyataja. Mwaka unaofuata iwe Mafia yetu: Kilindoni kwa papa potwe katika msimu wake, Utende na Chole, kisha Juani na Kua. Gharama ya boti ikigawanywa kwa watoto wengi haitaishinda nauli ya Dar, na yule yatima ambaye kila mwaka hubaki nyumbani kwa kukosa mchango atapata nafasi. Kila mwanafunzi arudi na ukurasa mmoja aliouandika, tuuchape katika gazeti hili.

Nanyi wanafunzi, mkivaa miwani ile furahini, si vibaya. Lakini mkishaivua, kumbukeni kuwa macho mliyobaki nayo ni bora kuliko miwani, na aliyewapa hakuwatoza kiingilio.

Wabillahi tawfiq.

Ustadhi wenu,
Ras Mkumbi, Mafia