Insha ya Ufadhili Si Barua ya Kuomba Uhamisho

Na Zuhura Makame

Kila msimu wa maombi ya ufadhili vijana huniletea rasimu zao nizipitie. Nyingi huanza vilevile: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwadilifu na mwenye ari ya kulitumikia taifa." Ukifuta jina juu ya karatasi, hujui nani ni nani.

Siwalaumu sana. Shuleni tulifundishwa barua rasmi: anwani mbili, "Yah:" iliyopigiwa mstari, na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Barua hiyo inafaa kuombea likizo. Lakini Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, humtaka mwombaji aeleze uongozi wake, anavyojenga uhusiano na watu, kwa nini kachagua kozi anazotaka kusoma na atafanya kazi gani akirudi. Cheo chake kazini hakiwezi kumjibia hayo.

Juzi bwana shamba mmoja kaniletea insha. Kaandika kwamba "alishiriki kikamilifu kuhamasisha jamii juu ya kilimo bora." Nikamuuliza, ulihamasishaje? Akacheka. Wanakijiji waliikataa mbegu mpya ya mahindi. Akamwendea bibi mmoja ambaye kijiji kizima huenda kwake kuomba mbegu, akamsihi ampe mistari miwili tu pembezoni mwa shamba lake. Bibi akakubali, huku akinung'unika. Mahindi yalipobeba, watu wenyewe wakaja kuuliza mbegu inapatikana wapi.

"Sasa mbona hili hukuliandika?"

"Mama, si nitaonekana mshamba?"

Huo ndio uongozi wanaouulizia wafadhili! Urasmi ubaki kwenye sarufi, mpangilio na adabu. Hapo sina huruma, lugha ya meseji naikata yote. Kisa kiwe chako.

Wapo pia wanaopitiliza: ukurasa mzima wa machozi, ada hakuna, kulala njaa. Kama shida ni za kweli, ziseme kwa mistari mitatu, kisha eleza ulifanya nini ukiwa ndani yake.

Nadhani kinachowaponza wengi ni kulazimika kuandika insha hizo kwa Kiingereza. Mtu akiogopa kukosea hujificha nyuma ya maneno aliyokwishayaona kwa wengine, kwa kuwa hayo ana hakika nayo. Ndiyo maana bwana shamba nilimwambia aweke simu mezani, ajirekodi akinisimulia habari za yule bibi kwa Kiswahili, vilevile alivyozisema. Kiingereza tulikitafuta baadaye, na kilikuwa chepesi kuliko alivyotarajia.