Waliobeba Nao Wakumbukwe

Mgeni afikaye Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huonyeshwa tembe alimokaa David Livingstone pamoja na Stanley mwaka 1872. Nyumba hiyo imehifadhiwa, nayo ni makumbusho. Sisi hatuna ugomvi na jambo hilo. Lakini mwaka uliofuata mwili wa Livingstone ulipita katika nchi hiyo hiyo ya Unyanyembe, na haukujibeba wenyewe.

Mzungu huyo alifariki tarehe 1 Mei, 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakashika njia ya pwani. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Leo jiwe la kaburi lake, katika kanisa la Westminster Abbey huko London, linakiri kwamba aliletwa na mikono ya watu waaminifu. Jina la mwenye mkono hata mmoja halikuandikwa juu yake.

Yatupasa sisi wa visiwani kulitia moyoni jambo hili, kwani viongozi wawili wa msafara ule walifia hapa Unguja: Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Hao angalau wamo vitabuni. Tippu Tip naye, aliyefariki hapa mwaka 1905, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na nyumba yake Mji Mkongwe haijasahauliwa. Mpagazi aliyembebea pembe hakuacha kitabu wala nyumba.

Na wapagazi hawakuwa wachache. Njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Ugogo na Tabora hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Kila mwaka Wanyamwezi kwa maelfu waliteremka pwani, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani. Walikuwa watu wa ujira, wenye fahari ya kazi yao, na ni kosa kuwaita wote watumwa. Ni kosa vile vile kusahau kwamba katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, ambao wengi wao safari yao iliishia katika soko la hapa Unguja, hadi lilipofungwa mwaka 1873. Aliyeshikwa na ndui au njaa, awe mpagazi au mtumwa, aliweza kuachwa kando ya njia, na msafara ukaendelea.

Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu maana ya kufiwa pasipo kaburi. Meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, wapo jamaa ambao hawakupata hata maiti wa kumwosha. Walisoma hitima. Na msomaji hakuuliza kaburi liko wapi. Aliuliza jina la marehemu.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo lisilohitaji mnara wala jiwe la msingi. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, zikishirikiana na makumbusho ya Kwihara, zifungue daftari moja katika intaneti. Kila marehemu apewe ukurasa wake: jina lake na la mzazi wake, alikotoka, alikofia ikiwa panajulikana, na maneno machache ya jamaa zake, pamoja na picha kama ipo. Pasiwe na ada. Kijana mwenye simu atajaza mwenyewe. Mzee asiyekuwa nayo aandikiwe na sheha, na kule Tabora aandikiwe na mtendaji wa kijiji. Tunajua tabia ya baadhi ya maofisi yetu: jambo la namna hii huundiwa kwanza kamati, kisha semina, na posho hutangulia kazi. Hili halihitaji kamati.

Lipo jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Visiwani mwetu neno asili limewahi kutumiwa kumdhalilisha mtu na kumnyima haki yake, na ziko nyumba ambamo jina la babu aliyetoka bara limefichwa makusudi. Atakayebuni fomu ya daftari hili asithubutu kuweka swali la nani alikuwa muungwana na nani mtumwa. Anayetaka kulisema na aliseme kwa maneno yake mwenyewe, na anayetaka kunyamaza aheshimiwe. Wala jina la mtu lisiandikwe na wasiomhusu huku wanaomhusu wamekataa. Tukiteleza hapo, daftari litageuka kuwa orodha ya kusemana, na heri lisifunguliwe.

Lakini kungoja nako kuna hasara yake. Tunamfahamu mzee mmoja wa Ng'ambo ambaye analijua jina la babu yake aliyeteremka kutoka Unyanyembe, na jina la baba wa babu huyo, na kijiji walichotoka. Wanawe hawajui hata moja katika hayo. Mzee huyo amekwisha kupita miaka 90, na sheha wake anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake.