Chama si Fulana

Leo nilikuwa niposti video. Iko kwenye simu wiki ya pili sasa, nimeshaikata, muziki nimeshaweka. Sitaiposti. Ngojeni niwaeleze kwa nini, halafu mnikosoe mkitaka.

Video yenyewe ni ya chama chetu cha wanafunzi wa kutoka nyumbani. Kila mtoto wa visiwani aliyefika chuo anajua chama cha aina hii. Unashuka Mombasa au Nairobi na begi moja, humjui mtu, unapokewa na komredi anayeongea kama wewe. Anakuonyesha pa kulala, anakuonyesha kibanda cha chakula cha bei nafuu, anakaa na wewe mpaka fomu ya mkopo wa HELB iishe kujazwa. Mimi mtoto wa Kiwayu, bila watu hao muhula wa kwanza nisingeumaliza. Kwa hivyo asitokee mtu akasema nachukia vyama.

Sasa, likizo iliyopita tulikuja Kiwayu "kushukuru jamii". Tulipanda boti Lamu, fulana mpya zenye jina la chama mgongoni, magunia ya unga, katoni za mafuta ya kupikia. Mpiga picha ni mimi. Tukawapanga akina mama foleni mchangani, jua la saa saba, na hakuna aliyepewa kitu kabla ya picha. Khalati yangu alikuwemo. Alipokea, akatabasamu kama alivyoambiwa.

Usiku tukala wali wa samaki kwake, wanachama sita, kwa pesa yake. Ndipo akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, miaka yote nasuka ukili mbele yako, hujanipiga picha. Leo napokea unga ndio umeniona?"

Sikuwa na jibu. Nilipoangalia hesabu zetu baadaye nikakuta fulana zimekula pesa zaidi kuliko unga.

Sasa niwapeleke Dar es Salaam, mwaka 1967. Chuo kikuu cha pale kilikuwa bado kichanga, na wanafunzi wake walitoka Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na kwingineko. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari mwaka huo huo. Wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO wakiwemo, walikuwa na ofisi mjini. Wanafunzi wachache wakaanzisha chama chao, USARF, yaani umoja wa wanafunzi wa mapinduzi ya Afrika. Mwenyekiti alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, alikuwa karibu nao sana.

Walifanya nini? Jumapili, wenzao wakiwa wamelala, wao walikuwa na darasa lao wenyewe: wanasoma, wanabishana. Baadhi yao walivuka hadi Msumbiji, kwenye maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, wakajionee vita kwa macho yao badala ya kuvisikia redioni.

Lakini kisa kilichonichoma ni cha 1968. Kulikuwa na desturi iliyotoka vyuo vya Uingereza, Rag Day. Wanafunzi wanavaa matambara, wanapanda malori, wanazunguka mjini wakicheza na kuchangisha pesa za maskini. Ni sadaka, sindio? USARF walisema hapana. Walisema msomi anayevaa matambara kwa mzaha, halafu jioni anarudi bwenini kwenye kitanda chake, anamcheka maskini. Siku ilipofika wakatoa upepo kwenye magurudumu ya malori, na sherehe ikaharibika.

Nilipokisoma kisa hicho niliwaza mchanga wa Kiwayu. Tofauti yetu na wale wa malori ni kwamba sisi hatukuvaa matambara. Tulivaa fulana mpya, matambara tukawaachia mama zetu, na mimi ndiye niliyeshika kamera.

Mwaka 1969 vijana wale wakaanzisha gazeti, Cheche. Miongoni mwa wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, yule ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Mwaka 1970 likatoa andiko refu la Issa Shivji juu ya matabaka nchini, na mpaka leo wasomi bado wanalibishania. Novemba 1970 serikali ikafunga chama na gazeti, ikisema nchi ina Ujamaa wake na haihitaji itikadi ya kuazima.

Miaka mitatu tu! Kuna vyama vyetu vina umri mara tatu ya huo, na ukiuliza historia yake unaonyeshwa picha za dinner. Mimi nilipewa kazi ya kuandika historia ya chetu. Nikatafuta kumbukumbu za mikutano. Zilikuwa kwenye grupu la WhatsApp, admini akapoteza simu, basi. Cheche tunaijua kwa sababu waliandika, na miaka kama arobaini baadaye Hirji akawakusanya wenzake wakaandika kitabu kizima juu yake.

Najua mtaniambia: hao mashujaa wako, mbona Museveni yuko Ikulu tangu 1986 na hatoki? Kweli. Kusoma Jumapili hakumfanyi mtu malaika. Tuchukue kazi yao, sio watu tuwaabudu.

Mwingine atasema njaa haingoji darasa. Kweli pia. Kukiwa na ukame, unga ni unga, peleka. Peleka usiku kama ni lazima, bila kamera. Lakini unga hata mwanasiasa ataleta, tena zaidi yetu. Tujiulize sisi tuna nini ambacho yeye hana.

Tuna kalamu. Marufuku ya kuvua usiku iliwekwa Lamu mwaka 2011 kwa sababu za usalama, ikakaa miaka. Mvuvi anayetegea usiku alikula nini? Chama chetu kina wanafunzi wa sheria, wa ualimu, wa mambo ya bahari. Hakuna hata ukurasa mmoja tulioandika. Na mnakumbuka 2018, Mahakama Kuu iliposema wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari ya LAPSSET? Kesi ile haikushinda kwa picha za foleni. Mahakamani mtu huenda na ushahidi.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa makomredi, kabla ya mkutano mkuu. Moja: mwaka huu hakuna fulana, pesa hiyo iende kwenye nauli ya boti ya watoto wa kidato cha nne wanaokuja kuulizia vyuo. Mbili: kila mkutano uandikwe kwenye daftari, la karatasi, likae kwa mtu mzima tunayemwamini. Tatu: kila likizo, kila mwanachama aandike maisha ya mtu mmoja wa kwao. Nahodha, msusi wa mikeka, yule mama aliyeokota ndara ufukweni na kuzichonga vinyago miaka ya 1990.

Kama hili litanigharimu nafasi yangu kwenye uongozi, sawa. Video nimeifuta leo asubuhi.

Nikirudi Kiwayu nitakaa na khalati barazani anisimulie alijifunza kwa nani kusuka. Akikubali, nitampiga picha. Asipokubali, nitaandika.