Ni nani asemaye "mimi" gizani?

Sisi walimu wa lugha, tunapofundisha nafsi tatu, huanza na "mimi", tukaenda "wewe" na kumalizia "yeye". Mwanafunzi hukariri, akafaulu mtihani, kisha akasahau. Laiti ningekuwa na uwezo, ningewachukua wanafunzi wangu hadi jimbo la Florida, Marekani, wakasomee nafsi ndani ya giza. Bahati mbaya, mahali ambapo ningewapeleka palifungwa tarehe 13 Agosti, 2017.

Nazungumzia aina ya burudani ambayo hapa kwetu haijazoeleka. Mtu hupandishwa kwenye kijigari, akaingizwa ndani ya jengo lenye giza, na humo akapitishwa mbele ya mandhari moja baada ya nyingine, zikiwa zimeundwa kwa taa, sauti na sanamu. Tuiite safari ya gizani. Asili yake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1901, katika maonyesho makubwa ya mjini Buffalo, Frederic Thompson aliwapeleka watu "mwezini" bila ya wao kutoka nje ya jengo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Leon Cassidy wa New Jersey akabuni kijigari kipitacho juu ya reli moja iliyopindapinda gizani, na burudani hiyo ikaenea kwa bei nafuu.

Sinema iliingia kwa kishindo pale Walt Disney alipofungua kiwanja chake huko California mnamo Julai 1955. Miongoni mwa safari za gizani za siku ya kwanza ilikuwamo ile iliyotokana na filamu yake ya mwaka 1937 kuhusu Snow White. Hapo ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Wabunifu walikusudia abiria mwenyewe ndiye awe Snow White: yeye ndiye anayekimbia msituni, yeye ndiye anayepewa tofaa lenye sumu. Kwa hiyo hawakuweka sanamu ya binti huyo popote. Kwa lugha ya darasani, safari nzima ilitungwa katika nafsi ya kwanza. Lakini abiria hawakuelewa. Walitoka wakiulizana, "Mbona Snow White mwenyewe hatukumwona?" Swali hilo lilidumu hadi mwaka 1983, safari ilipotengenezwa upya na sanamu yake ikawekwa. "Mimi" akageuzwa kuwa "yeye".

Ile ya Florida niliyoitaja mwanzoni iliitwa The Great Movie Ride. Ilifunguliwa tarehe 1 Mei, 1989, ndani ya jengo lililonakili ukumbi maarufu wa sinema wa Hollywood, Chinese Theatre. Kwa mujibu wa makubaliano na kampuni ya MGM, pamoja na ruhusa kutoka kwa wengineo, Disney iliweza kukusanya chini ya paa moja filamu za kampuni mbalimbali. Magari yake makubwa hayakuwa na reli. Yaliongozwa na waya uliofichwa sakafuni. Aidha, kila gari lilikuwa na kiongozi, mtu hai, aliyewasemesha abiria: "tazameni huku", "msiogope". Katikati ya safari, jambazi, naye mtu hai, alimpokonya kiongozi gari. Baadaye akaponzwa na tamaa ya kito katika hekalu la kale, na kiongozi akarejea. Huo ulikuwa utungo wa nafsi ya pili, na ulifana. Abiria walijiona wanahusika, ingawa muda wote hawakufanya lolote ila kukaa.

Basi na tuhesabu nafsi zetu. Katika mandhari chache za safari hiyo, tatu zilitokana na filamu zenye visa vilivyowekwa barani Afrika. Ya kwanza ilikuwa Misri ya Raiders of the Lost Ark, filamu ya mwaka 1981. Ya pili ilikuwa msitu wa Tarzan. Ya tatu ilikuwa Moroko ya Casablanca, ya mwaka 1942. Je, Waafrika walikuwa wapi? Penye Tarzan, palikuwa na Tarzan kwenye mtambaa, Jane juu ya ndovu, na sokwe. Penye Casablanca, Mmarekani alikuwa akimuaga mpenzi wake mzungu kando ya ndege. Penye Misri, alikuwapo Sallah, Mmisri aliyemsaidia shujaa kuinua sanduku takatifu. Na katika filamu Sallah huyo aliigizwa na John Rhys-Davies, mtu wa asili ya Wales aliyeishi Tanganyika utotoni. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Kuna watakaoniambia kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba wabunifu walinakili tu filamu zilizokwisha kutengenezwa. Nakubali, na hapo ndipo penye uzito. Mwaka 1929 watengenezaji wa filamu ya Trader Horn walifika Afrika Mashariki, Kenya na Uganda zikiwamo, wakapiga picha nyingi. Zilizobaki zilitumiwa na mwelekezi yuleyule katika filamu ya Tarzan ya mwaka 1932, iliyoigizwa California kwa ndovu wa Asia waliobandikwa masikio ya bandia. Babu zetu waliosimama mbele ya kamera ile waligeuzwa pazia la nyuma, bila majina wala maneno. Zilipopita zaidi ya nusu karne, safari ya gizani ikaundwa, na hata pazia hilo likaachwa. Hawakufikia hata kuwa "yeye". Giza la jengo lile halikuwa kasoro ya ufundi. Ndio ufundi wenyewe. Mbunifu huelekeza taa anapotaka jicho liende, na kijigari hakimpi abiria nafasi ya kugeuka.

Mnamo Machi 2020 safari mpya ya Mickey na Minnie ilifunguliwa katika jengo lilelile. Sanamu ya Tarzan haipo tena. Hata hivyo, kila jioni watoto wetu huketi mbele ya runinga na simu, nao hupelekwa vivyo hivyo, wakaona kilichomulikwa na kudhani ndicho kilichopo. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza asili ya msemo "hakuna matata". Wengi walitaja filamu ya simba ya mwaka 1994. Hawakukumbuka kwamba Them Mushrooms walikuwa wameshauimba mwaka 1982, seuze wazee waliousema kabla ya hapo.

Simwombi mwalimu awakataze wanafunzi kutazama filamu hizo. Namwomba awape zoezi moja la insha. Wachague mandhari yoyote ya filamu iliyowekwa Afrika, waisimulie upya katika nafsi ya kwanza, na msimulizi awe mtu aliyeachwa gizani: mpagazi, mama wa sokoni, mtoto wa ukingoni mwa mto. Mwalimu asahihishe sarufi kama kawaida. Kisha insha zisomwe kwa sauti darasani, ili mtu huyo naye asikike akisema "mimi".