Kabla hujaenda Kariakoo kununua dawa, jaza glasi maji

Leo nitawaudhi baadhi yenu, na wenye maduka nao hawatapona. Ila nitaanza kwa kujisema mwenyewe.

Pita mitaa inayozunguka Soko la Kariakoo asubuhi ya siku yoyote ya kazi. Utamkuta kijana kasimama kwenye kaunta ya duka la pembejeo, simu mkononi, anaonyesha picha ya nyanya zilizolala. "Kaka, nyanya zinanyauka, nipe dawa." Muuzaji anaitupia picha jicho, anageukia rafu, anashusha paketi. Mara nyingi ni dawa ya ukungu. Hela inalipwa, kijana anawahi gari la Mkuranga au Bagamoyo. Wiki ijayo yuko palepale, anaulizia dawa "kali zaidi".

Msimamo wangu ni huu: kununua dawa kabla ya kumtambua mdudu ni kuchoma mtaji, na sisi maafisa ugani tumechangia.

Mwaka wangu wa pili kazini kijana mmoja aliniita shambani kwake. Nusu eka ya nyanya, ndiyo kwanza zinatoa maua. Mchana mimea inalala, jioni inainuka kidogo, majani bado ya kijani. Nilikuwa na diploma yangu na haraka ya kuonekana najua. Nikamwambia, "Ukungu huo, piga mankozebu kila baada ya siku saba." Akapiga mara tatu. Nyanya zikaisha zote. Hela ilikuwa ya mkopo wa kikundi cha mama yake. Hakunilaumu, akaniambia tu, "Asante kwa kuja, afisa." Ile asante inaniuma hadi leo.

Kile hakikuwa ukungu. Ulikuwa mnyauko bakteria, na dalili zote nilikuwa nazo mbele ya macho.

Tuelewane kidogo hapa. Bakteria ni kiumbe cha seli moja. Hana kiini kilichofungwa kwenye utando wake kama seli ya mmea au ya ukungu. Wengi wao wana ukuta wa seli, na wengine wana mikia ya kuogelea. Ukungu ni kiumbe kingine kabisa: unatengeneza nyuzi, na ukuta wake umejengwa tofauti. Ndiyo maana dawa nyingi zilizotengenezwa kuupiga ukungu hazina la kufanya kwa bakteria.

Bakteria wa mnyauko wa nyanya anaitwa Ralstonia. Ana umbo la fimbo na anaishi kwenye udongo. Anaingia kwenye mizizi kupitia vidonda, hasa vile vya jembe au vya minyoo fundo, kisha anajaza mirija ya maji ya shina kwa ute wake mzito. Mmea unakufa kwa kiu huku udongo una maji. Sasa wewe unapuliza mankozebu juu ya jani, dawa ambayo inabaki juu ya jani. Mwenye nyumba yuko ndani ya bomba, wewe unapaka rangi ukutani.

Utambuzi wa kwanza hauhitaji maabara. Chukua mmea ulioanza kunyauka leo, sio uliokauka. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole. Kishike kining'inie kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini ikiwa imezama, na usitikise. Subiri dakika tano. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye ncha, hao ndio bakteria wenyewe wanamiminika. Usipoziona, rudia na shina lingine kabla hujaamua. Mnyauko wa fuzariamu, ambao ni ukungu, hautoi maziwa hayo. Wenyewe huanza na majani ya chini kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na huua polepole.

Ukishajua ni bakteria, habari mbaya ni kwamba hakuna dawa ya kupuliza itakayomponya mmea huo. Habari nzuri ni kwamba hela ya dawa imebaki mfukoni. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, utoe shambani, usiutupe kwenye mfereji wa maji. Osha jembe na kisu kwa maji ya klorini. Msimu ujao usirudishe hapo nyanya, pilipili, bilinganya, nyanya chungu wala viazi mviringo, maana wote ni ukoo mmoja. Weka mahindi au mtama. Kama eneo ni hilohilo na huna lingine, fikiria miche iliyobebeshwa juu ya shina stahimilivu.

Wafugaji wa kuku msicheke, na nyie mpo. Mwaka 1884 daktari Mdenishi, Hans Christian Gram, alipaka bakteria rangi akagundua wanagawanyika: wenye ukuta mnene wanabaki zambarau, wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa nje wanaishia wekundu. Hadi leo maabara zinaanza na mgawanyo huo pamoja na umbo, duara au fimbo, kwa sababu ukuta ndio unaoamua dawa gani itapenya. Sasa, mafua sugu ya kuku yanaletwa na mikoplazima, bakteria asiye na ukuta kabisa. Amoksilini kazi yake ni kubomoa ukuta. Utabomoa ukuta gani? Na mdondo ni kirusi, hausikii antibiotiki yoyote. Unachofanya ni kuwafundisha bakteria wengine waliomo bandani kuizoea dawa, na kupeleka mabaki yake kwenye sahani ya mteja wako.

Najua mtakachosema: "Afisa, soko halisubiri, na maabara ni mlolongo." Ni kweli nyanya haisubiri. Lakini kipimo cha glasi ni dakika tano, na safari ya Kariakoo peke yake inakula nusu siku. Kwa kuku, Wakala wa Maabara ya Veterinari uko Temeke, sio mbali na hapo unaposhukia gari kwenda kununua dawa. Peleka kuku aliyekufa muda huohuo, akiwa kwenye barafu. Glasi haitakuambia ni aina gani hasa ya bakteria, hilo ni la maabara, lakini itakuzuia kununua dawa isiyohusika.

Wenye maduka, najua mnaishi kwa mauzo. Ombi langu ni dogo: wekeni glasi ya maji juu ya kaunta. Mteja akisema nyanya zinanyauka, mwambieni alete shina, sio picha. Mteja uliyemwokolea hela leo atarudi msimu ujao kununua mbegu. Uliyemuuzia paketi tatu za bure hatakuwa na hela ya kurudi nayo.

Na sisi maafisa tujifunze kusema "sijui bado, ngoja nipime." Mimi neno hilo lilinigharimu nusu eka ya mtu mwingine kulijifunza. Siku hizi kwenye begi langu kuna kisu na glasi ya plastiki, na siandiki jina la dawa kabla glasi haijasema kitu.

Tukutane shambani.