Kundi la damu halisomi ubaoni!

Najua mlizoea stori za boom na foleni ya kantini, ila leo nimechafukwa kidogo, mnivumilie.

Tangu watu wachangie damu na kurudi na vikadi vyao, kwenye vimbweta hakuna mada nyingine. Eti wa O wana macho ya tai. Eti AB lazima wavae miwani. Kama ni utani, poa, tucheke. Kinachonikera ni kwamba wanaoshupalia ni wana ualimu wenzangu, watu ambao kesho kutwa watakabidhiwa chaki!

Tuanze na damu yenyewe. Karl Landsteiner wa Vienna ndiye aliyeyaweka wazi makundi haya mwaka 1901, na Nobel akapewa 1930. Tofauti ya A na B ni aina ya sukari iliyoko juu ya chembe nyekundu, basi. Kutoona mbali je? Mara nyingi jicho limerefuka toka mbele kwenda nyuma, mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina. Ni suala la umbo la jicho. Sasa hiyo sukari inalivutaje jicho mpaka lirefuke? Nimeuliza mara tatu, kila mtu anaangalia pembeni.

Pili, nendeni miji ya Asia ya Mashariki. Vijana wanaomaliza sekondari huko, katika sehemu nyingi asilimia 80 hadi 90 hawaoni mbali vizuri. Babu zao hawakuwa hivyo. Je, makundi ya damu ya taifa zima yaligeuka ndani ya vizazi viwili? Thubutu! Kilichogeuka ni maisha: daftari puani, kutwa ndani. Kule Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo walikuwa asilimia 30.4, na wale ambao hawakuongezewa asilimia 39.5. Matokeo yalitoka 2015. Hakuna aliyebadilishiwa damu, walitolewa nje tu.

Mtasema, mbona kundi O linapunguza makali ya malaria? Kweli kabisa. Ila pale njia inajulikana: chembe zenye vimelea hazishikamani sana na wenzake zikiwa za O. Na sisemi damu na macho havijuani. Selimundu na kisukari vyote vinaweza kuharibu retina. Lakini hayo ni magonjwa, sio herufi kwenye kadi.

Na ile hesabu yenu ya darasani, jamani! AB ni wachache siku zote. Ukiwapata watatu, wawili wana miwani, unatangaza asilimia 67. Mtu aliyesoma takwimu mwaka wa kwanza anafanya hivyo kweli?

Mnaona nakuza mambo? Nikiwa TP kulikuwa na dogo wa kidato cha pili aliyekuwa ananakili kila kitu toka kwa jirani yake. Pale shuleni walishampa jina: mvivu. Nikamhamishia dawati la mbele, akaanza kuandika mwenyewe. Sasa mwalimu anayeamini habari za vimbweta angesema "ndio damu yake huyo" na kuendelea na somo. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ukishasema ni damu, umefunga mlango, maana kundi la damu halitibiki. Miwani ipo. Dawati la mbele lipo, tena bure.

Chati ya herufi ya Herman Snellen ipo tangu 1862. Karatasi moja, mita 6, jicho moja limefunikwa, dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana tatizo la kuona ambalo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Wengi wanahitaji miwani tu. Wangapi wako nyuma ya madarasa tunayokwenda kufundisha?

Kadi yako itunze, siku ukihitaji damu ina kazi. Ukitaka kujua macho, kapime macho. Na ukienda TP, kabla hujamwita mtoto mvivu, muulize kwanza anaona nini ubaoni.

Mwenye hoja alete, mwenye matusi abaki nayo. Naomba kuwasilisha.