Msiwauzie Mama Zetu Nishati ya Ulimwengu

Mama yangu mdogo anauza migebuka Kibirizi, na amekuwa na kisukari kwa miaka mingi. Nilipokwenda likizo Ujiji mwaka jana nilimkuta ameacha vidonge. Shingoni alikuwa na kidani cha kioo alichonunua kwa fedha ambazo zingetosha dawa za miezi kadhaa, na mguuni alikuwa na kidonda kisichopona. Aliyemuuzia alimwambia kwamba ulimwengu ulianza kwa nishati, mwili nao ni nishati, na ugonjwa ni nishati iliyoziba.

"Si ndiyo hayo unayoyasomea, mwanangu?"

Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Nilishindwa kumjibu pale pale, na aibu hiyo ndiyo inayoniandikisha haya. Yule muuzaji hakuyaokota maneno yake ufukweni. Aliyaokota kwetu sisi wenye vyeti, tunaoandikiana kila asubuhi kwenye simu kwamba "ulimwengu utakupa unachokiwaza", na tunaoona neno nishati linapendeza zaidi kadiri linavyozidi kukosa maana.

Basi tuseme maana yake. Nishati si moshi wala roho. Ni hesabu. Mama mdogo ana daftari: samaki wabichi wanageuka wakavu, wakavu wanageuka fedha, fedha zinageuka deni la mtu. Mafuta ya taa ndani ya karabai yanageuka mwanga na joto, na fizikia inaandika kila upande. Daftari halinuki samaki, wala haliponyi mtu.

Na mwanzo wa ulimwengu? Miaka bilioni 13.8 iliyopita kila tunachokiona kilikuwa kimebanana katika joto lisiloelezeka. Tunauita "mlipuko", neno baya, kwa sababu hapakuwa na uwanja mtupu ambamo bomu lilipasukia; nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka. Katika sekunde ya kwanza nishati ilizaa chembe na chembe kinyume chake, zikaangamizana, yakabaki makombo: kwa kila protoni moja iliyosalia, fotoni zaidi ya bilioni moja. Makombo hayo ni sisi. Haidrojeni iliyomo katika maji ya Ziwa Tanganyika ilitoka huko, ilhali oksijeni yake ilipikwa baadaye ndani ya nyota. Hilo peke yake lingetosha kumshangaza mtu bila kumuuzia kitu.

Wauzaji wana aya yao wanayoipenda: nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Waliisikia kidato cha pili wakaishia hapo. Mwanga uliofunguliwa miaka kama 380,000 baada ya mwanzo ulikuwa na joto la kelvini 3,000 hivi. Penzias na Wilson waliponasa mabaki yake, habari iliyotangazwa mwaka 1965, ulikuwa umepoa mno. Leo tunaupima kwa kelvini 2.7. Kila fotoni imepoteza sehemu kubwa ya nishati yake njiani, na ukiuliza imekwenda wapi, nadharia ya Einstein haikupi daftari la ulimwengu mzima linalolazimika kulingana. Wapo wanaokisia kwamba jumla yote ni sifuri, mvutano ukihesabiwa kuwa hasi. Ni makisio. Kwa hiyo aya yao inayumba mahali pale pale wanapoitumia.

Na hiyo "nishati ya asili" ipo kweli. Fotoni kama 400 katika kila sentimita moja ya ujazo, ndani ya soko, ndani ya kidani, bila upendeleo. Ina ubaridi wa nyuzi 270 chini ya sifuri. Haipashi hata kikombe cha chai.

Rafiki yangu wa bwenini ananiambia niwaache, ni imani ya watu. Hapana. Bibi yangu anaswali swala tano na anameza dawa zake za presha. Georges Lemaître, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama kwanta moja iliyogawanyika, alikuwa padri. (Mbelgiji, wenzake wa jeshi la Ubelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, yeye akiwa vitani kwao.) Papa Pius XII alipoitaja nadharia hiyo mwaka 1951 kama ushahidi wa uumbaji, padri huyo hakufurahi. Alijua mpaka wa fani yake. Hawa wa vidani wamekopa jina la maabara yangu bila kuuliza.

Usiku wa pili nilimweleza mama mdogo haya yote, kwa daftari lake mkononi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo walionidanganya wamesoma kama wewe."

"Ndiyo, mama."

Asubuhi tulikwenda kliniki, na vidonge amevirudia. Kidani bado anakivaa. Anasema amekilipia.